Filamu Nyeusi ya Celine

Annet alikuwa na mkono mzuri wa picha, na balaa lote lilianzia hapo, kwamba alijijua. Katika studio yao ya mabati, upande ule wa Kibera unaotazamana na mtaa wa Ayany, mumewe Wabwire ndiye aliyepiga picha na kuosha filamu. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Annet: kuitoa ile picha kwenye filamu na kuiweka kwenye karatasi. Watu wakisifu picha zilivyotoka safi, Wabwire alikuwa akicheka na kusema, "Mimi nabonyeza tu. Fundi ni huyu mama." Na Annet, jamani, alikuwa akilala na maneno hayo kama mtu aliyeshiba.

Chumba cha giza kilikuwa nyuma, kimekatwa kwa mbao na kuzibwa kwa magunia kila penye tundu. Ndani mlikuwa na balbu moja tu, nyekundu. "Hii taa haina neno," Wabwire alimwambia siku ya kwanza, na kweli haikuwa na neno. Chini ya wekundu ule karatasi ilikaa nyeupe hata ukiiangalia mpaka uchoke, ila mlango ukifunguka kidogo tu, mwanga wa nje ukiingia, imekwisha. Annet alikuwa akiizamisha karatasi kwenye sinia la dawa, anaitikisa, na mtu anaanza kuja: nywele kwanza, macho, halafu ukosi wa shati. Miaka yote hiyo hakuwahi kuichoka saa hiyo ya mtu kuja.

Filamu yenyewe ndiyo aliyokatazwa kugusa. Wabwire akiosha filamu alijifungia peke yake, anatundika blanketi mlangoni kwa ndani, na Annet anabaki nje na wateja. Hakuwahi kuona kinachofanyika mle. Alidhani ni kile kile akifanyacho yeye, chini ya balbu ile ile, ila mumewe anabania kazi yake kama mama mandazi anavyoficha kipimo chake cha unga. Jambo hilo lilikuwa likimkera.

Sasa, Celine. Celine alikuwa binti wa Risper, yule mama anayeuza dagaa wa omena kule Raila, ndani ya Kibera hiyo hiyo. Risper huyu hakuwa mtu wa kando kwa Annet. Annet alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake mzazi yuko Busia, ni Risper aliyekuja kumkanda na kumwogeshea mtoto, na tangu siku hiyo alimwita Annet nyathina, yaani mtoto wangu. Celine alikuwa na miaka kumi na tisa, mshonaji, mrefu, mwenye kiburi cha kupendeza. Aligombana na mama yake kwa sababu ya kuhama, alitaka kwenda kukaa na rafiki yake Daisy kule Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, ambako kazi ya cherehani ilikuwa nyingi. Risper akasema hapana. Celine akafunga nguo zake. Na Risper, kwa hasira, akiwa mlangoni na majirani wote wakisikia, akamwambia, "Ukivuka hapo, usinionyeshe uso wako tena!"

Celine akavuka. Miezi ikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Halafu siku moja msichana akatokea studio, amevaa rinda la njano alilolishona mwenyewe, lenye mikono ya kupuliza. Akataka picha nyeusi na nyeupe.

"Njano haitaonekana," Wabwire akamtania. "Itatoka kijivu tu kama panya."

"Si mama anaijua njano? Atajaza mwenyewe."

Wabwire alipokwenda kupanga pazia, Celine akamsogelea Annet na kumnong'oneza. "Mama alisema nisimwonyeshe uso. Sasa nitamtumia huu wa karatasi kwanza. Akiupokea, nitakuja mwenyewe. Usimwambie, aki."

Annet akamwahidi. Wabwire akapiga. Lakini filamu haikuwa imejaa, na katika kazi ile huoshi filamu nusu. Unangoja wateja wengine waje mpaka iishe. Celine akasema hana haraka, atapitia. Hakupitia. Malaria ilimshika kule Kongo, ikampanda kichwani, na kabla ya wiki kuisha akafa.

Alhamisi Risper akafika studio, Daisy amemshika mkono. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile mpaka leso ilimpwaya. Wabwire hakuwepo, alikuwa ametoka asubuhi na kamera nyingine kwenda Kawangware, kupiga picha watoto wa nasari, na angerudi jioni.

"Annet nyathina. Daisy anasema mtoto alipiga picha hapa."

"Ndiyo, mama. Iko. Ingali ndani ya kamera."

Risper akashika meza. "Nyumba ilipoungua mwaka jana picha zote zilienda. Kitambulisho chake hakijatoka. Sina uso wake popote, Annet. Nataka niuweke mezani, watu wakija leo jioni wamwone. Na Jumamosi tukimpeleka nyumbani, utangulie mbele ya jeneza."

Hapo palikuwa na neno moja la kusema: ngoja Wabwire arudi jioni. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa mdomoni. Lakini Annet alimwangalia yule mama aliyemwogeshea mtoto, akataka yeye, kwa mikono yake, ndiye ampe uso ule. Na chini kabisa, nisikufiche, alitaka pia Wabwire arudi akute filamu imeshaoshwa na kuning'inizwa, safi, halafu aone.

"Rudi saa kumi, mama," akasema. "Utaikuta tayari."

Akajifungia chumbani. Akawasha balbu nyekundu, akamimina dawa kwenye sinia, akaitoa filamu kwenye kamera na kuikunjua. Ilikuwa ndefu, ya kijivu, haina kitu. Akaishika ncha mbili na kuanza kuipitisha kwenye dawa, mkono huu juu, mkono huu chini, kama mtu anayesuuza kitambaa. Akatabasamu. Alikuwa akimngoja Celine aje.

Filamu ikaanza kugeuka. Ikaingia wingu, wingu likakolea, na badala ya nyuso kutokea mojamoja, weusi ukapanda mahali pote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, sawasawa kama masizi chini ya sufuria. Annet akaharakisha mikono. Akaiosha kwa maji, akaiweka kwenye dawa ya pili, akafungua mlango na kukimbia nayo nje juani. Akaiinua. Jua la saa nane lilikuwa kali, na halikupita. Hakuna Celine, hakuna mtu yeyote.

"Uwi, Mungu wangu," akasema. "Nimefanya nini?"

Saa kumi Risper akaja, na safari hii aliongozana na shemeji yake, Mama Ogola, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru. Annet alikuwa ameificha filamu ndani ya kopo la dawa lililokwisha. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha, ameyarudia mara nyingi, lakini yaliyotoka yakawa mengine.

"Picha ya Celine haikutoka, mama."

"Haikutoka vipi?" Mama Ogola akauliza. "Na za wengine kwenye hiyo filamu?"

Hebu mwone Annet hapo. Akisema zote zimeharibika, swali linalofuata ni nani aliyeharibu. Nje palikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi, masikio yamesimama.

"Za wengine zimetoka," akasema.

Maneno matatu tu hayo. Risper hakulia. Aligeuka kwa shemeji yake na kusema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Nilimwambia asinionyeshe uso wake tena. Amenisikia."

"Mayo!" Mama Ogola akashika kichwa. "Mtoto amekataa!"

Annet akashughulika na karatasi mezani. Wakaondoka.

Wabwire aliporudi jioni ile, Annet alimwonyesha filamu kabla hajavua viatu. Alimweleza alivyoiosha. Kuhusu yale maneno matatu hakumwambia.

Wabwire aliigeuza filamu mkononi, akaiinua kwenye taa. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Taa ilikuwa inawaka?"

"Nyekundu. Si uliniambia haina neno?"

"Haina neno kwa karatasi, Annet. Filamu si karatasi. Mimi nikiosha filamu huzima hata hiyo. Nafanya kazi gizani kabisa, kwa kupapasa tu."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia," akakubali, akakaa chini. "Na hilo ni langu."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na jina la Celine likasomwa, binti wa Risper, na siku ya mazishi. Wakangoja mpaka likapita. Wabwire akavuta beseni la maji lililokuwa miguuni pake, akachovya kidole, na viduara vikatanuka mpaka ukingoni.

"Mwanga ni hivi," akasema. "Ni mawimbi, ila hayahitaji maji. Ni ukoo mkubwa, na sisi tunaona nyumba moja tu katikati yake. Kwenye hiyo nyumba, nyekundu ndiyo yenye mawimbi marefu, yamelegea. Njano, kijani, bluu, yanazidi kuwa mafupi, mpaka zambarau. Marefu kuliko nyekundu hatuyaoni, ila ukikaa na jiko ngozi yako inayasikia, joto lile. Marefu zaidi ya hapo ndiyo yanayoleta redio, yanapita ukuta huu wala hatujui. Na upande wa pili, mafupi kuliko zambarau, ni yale ya jua yanayochoma mtu, halafu yale ya hospitali yanayopiga picha mfupa. Ukoo mmoja, mwendo mmoja. Tofauti ni urefu wa wimbi, na kadiri lilivyo fupi ndivyo linavyopiga kwa nguvu."

"Na karatasi?"

"Karatasi yetu inaamshwa na mafupi tu, bluu na wenzake. Nyekundu haina nguvu ya kuiamsha, basi inalala. Lakini hii filamu imetengenezwa ione rangi zote, kama jicho lako, ndiyo uso wa mtu unatoka vizuri, midomo isiwe kama lami. Ulichoona wewe mle ndani, nayo ilikuwa inakiona. Ilikuona wewe, muda wote huo, mpaka ikawafuta wote."

Annet akaiangalia mikono yake. Ilimjia kwamba pale alipokuwa akitabasamu na kumngoja Celine aje, kutabasamu kwake kule ndiko kulikuwa kunaingia kwenye filamu, na Celine anafunikwa.

"Nenda kamwambie Risper," Wabwire akasema. "Ni kosa la kazi. Atalia, lakini ataelewa."

"Kesho," Annet akasema.

Kesho yake alikwenda matangani mapema na sufuria yake kubwa, akachemsha chai, akaosha vikombe, akabeba maji mpaka mabega yakamuuma. Kila mtu akasema huyo ndiye jirani. Kila sifa ilimchoma. Mara tatu alimsogelea Risper, na kila mara akarudi na kikombe kitupu mkononi, eti ndicho alichokifuata.

Habari ilikuwa imeshaenea, kwa Mama Ogola hakuna kilichokuwa kikikaa. Filamu moja, wateja wengi, wote wametoka ila Celine. Wanawake walinong'ona na kutikisa vichwa. Katikati ya nyimbo Risper akasimama mbele ya meza, ile meza iliyongoja picha, ambayo sasa ilikuwa na kitambaa cheupe peke yake.

"Celine," akasema, "ulikufa na hasira yangu. Sitakulazimisha. Umesema hutaki nikuone. Nimekubali."

Daisy akaangua kilio. "Mama, si hivyo, Celine alikuwa anakumiss kila siku!"

"Kama alinikosa, uso wake uko wapi?" Risper akamuuliza.

Mwenye jibu alikuwa nyuma, anafuta sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Jumamosi asubuhi jeneza lilishaletwa, likapandishwa kwenye basi lililosimama kando ya barabara karibu na Ayany. Mizigo ikafungwa juu. Watu wa kwaya wakaingia, wazee wakaingia. Risper hakuingia. Alikaa kwenye jiwe, leso begani, akamwambia shemeji yake nendeni.

"Wewe umepata wazimu?" Mama Ogola akafoka. "Mama asiyezika mtoto wake? Tutasema nini nyumbani?"

"Semeni alinikataa. Ni ukweli. Nikienda kumwagia mchanga nitakuwa namlazimisha."

Wakambembeleza, wakamkemea, mchungaji akaja akaomba. Dereva akawasha injini. Annet na Wabwire walikuwa wamesimama kwa mbali, na Wabwire, aliyekuwa anawasikia wanawake wakinong'ona habari ya filamu kwa mara ya kwanza, akamgeukia. "Wanasema picha za wengine zilitoka. Nani alimwambia hivyo?"

Annet alikuwa ameshaanza kutembea. Akapita kati ya watu, akamshika Risper mkono.

"Mama, njoo studio. Kidogo tu. Tafadhali."

"Niache, nyathina. Sina nguvu."

"Nitakubeba."

Pengine ni vile alivyolisema. Risper akainuka. Wakavuka barabara, wakaingia studio, wakaingia chumba cha giza. Annet akafunga mlango, akawasha ile balbu, na wote wawili wakawa wekundu.

Akatoa filamu kwenye kopo na kumkunjulia mikononi, yote, mpaka ncha ikagusa sakafu.

"Hii ndiyo filamu. Tafuta mtu mmoja humo."

Risper akaipitisha kati ya vidole. "Hakuna mtu."

"Hakuna, mama. Si Celine, si mteja yeyote. Nilikudanganya. Za wengine hazikutoka. Niliiharibu mimi, yote, chini ya taa hii unayoiona. Wabwire alinikataza nikajitia najua. Karatasi haioni nyekundu, nikadhani na filamu haioni, kumbe inaona. Celine alikuwa humo. Alikuwa humo mzima mpaka nilipoikunjua hapa. Mwanga ndio uliomfunika, mama, na niliyeuwasha ni mimi. Halafu nikaogopa watu wa benchini. Nikakuacha siku mbili ukiamini mtoto amekukataa."

Sasa alikuwa analia, na hakujifuta.

"Yeye hakukukataa. Picha ilikuwa yako. Aliniambia kwa mdomo wake. Alisema, mama alisema nisimwonyeshe uso, sasa nitamtumia huu wa karatasi kwanza, akiupokea, nitakuja mwenyewe."

Nje honi ya basi ililia, mtu akaita jina lake.

"Zima hiyo taa," Risper akasema.

Annet akazima. Giza likawa giza kweli, lile la Wabwire la kupapasa, mtu haoni hata kiganja chake. Annet alisikia filamu ikikwaruzana mikononi mwa yule mama.

"Sema tena. Alisema nini?"

Annet akasema tena. Sauti ilimkatika mahali pale pa nitakuja mwenyewe, akarudia.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Rinda la njano. Mikono ya kupuliza. Alilishona mwenyewe. Wabwire alimwambia njano haitaonekana, akasema mama anaijua, atajaza mwenyewe."

Kikaja kilio. Tangu Alhamisi Risper alikuwa akilia kama mtu anayelipa faini. Hiki kilikuwa kilio cha mama, kilitoka tumboni, na Annet alinyosha mkono gizani ili amshike. Risper akausukuma. Hakuusukuma kwa nguvu. Aliuondoa tu, kama unavyoondoa tawi njiani.

"Usinishike," akasema alipopata pumzi. "Nakusikia. Kosa la filamu ningelisamehe Alhamisi ile ile, hapo hapo kwenye meza. Lakini jana niliongea na mtoto wangu vile, mbele ya watu, na wewe ulikuwa unanioshea vikombe."

"Nisamehe, mama."

"Nikirudi utaniuliza. Leo nina mtu wa kuzika."

Akapapasa mlango mwenyewe na kuufungua. Mwanga ukaingia wote kwa pamoja, Annet akafumba macho. Alipoyafumbua, Risper alikuwa ameshavuka barabara, anatembea upesi, ile filamu ameizungusha kwenye kiganja. Mama Ogola alikuwa mlangoni mwa basi.

"Haya, ulikuwa wapi? Umepata picha?"

"Nimepata," Risper akasema. "Nipisheni nikae na mtoto wangu."

Wakampisha. Akapanda, akakaa pale mbele kabisa, karibu na jeneza, mahali pa mama. Basi likaanza kuondoka. Annet alisimama kando ya barabara hadi likampita, akamwona Risper dirishani, ameiinua filamu juani kwa mikono miwili, anaitazama mahali pamoja, na midomo yake inatembea. Hakumwangalia Annet.

Wabwire akaja akasimama kando yake, akauliza kama waende ndani. Annet akasema atangulie, yeye anakuja. Akabaki pale na mikono yake mizuri, hajui aiweke wapi.